Zebaki Katika Chumba cha Guan

Jumapili, 2 Machi

Mwanahija ameondoka leo. Nilimsindikiza kwa metro hadi uwanja wa ndege wa Baiyun, nikamsukumia mizigo mpaka pale asipopita mtu asiye na tiketi. Alinishika mashavu kwa mikono miwili akasema, "Kissa, mwenzangu, usijifungie ndani. Ukijifungia utaota ukungu kama kiatu." Kisha akaenda zake Zanzibar, na safari hii harudi. Anasema mji huu wa Wachina umemchosha. Tumeishi pamoja miaka saba, yeye chumba kile, mimi hiki, jiko letu moja.

Tangu tulipoachana sijatamka neno la Kiswahili. Ndiyo maana nimekaa kuandika.

Jumatano, 5 Machi

Kuta zimeanza kutoa jasho. Kila mwaka baridi ikikatika, hewa ya joto huingia kutoka baharini na maji hutiririka kwenye vigae kama kuna mtu amemwaga ndoo. Nguo hazikauki. Mkate unaota manyoya.

Ijumaa, 7 Machi

Leo nimezungumza na muuza mayai tu.

Jumatatu, 10 Machi

Nilikwenda kiwandani Shiling, nje ya mji, kukagua mikoba ya mteja wa Kariakoo. Hiyo ndiyo kazi yangu: wateja wa nyumbani wanaagiza, mimi naenda kiwandani kuvuta zipu na kukagua mishono kabla mzigo haujafungwa. Siku hizi wengi wanaagiza wenyewe kwa simu, kwa hiyo nina nafasi nyingi kuliko ninavyopenda.

Mezani kwa laoban, mwenye kiwanda, alikuwepo mzee mmoja mwembamba ameshika kijisanduku cha ngozi, saizi ya kiganja, kinachofunguka kama kitabu, ndani kina mahameli nyekundu. Alitaka atengenezewe vingine kama kile. "Meiyou," laoban akamjibu, hamna, bila hata kuinua macho. Mzee akageuka, akaniona, akauliza Kiingereza nakisoma. Nikasema nakisoma. Akatoa kitabu mfukoni.

"Nisomee hapa. Pole pole."

Kilikuwa kimechapwa upya, lakini aliyekiandika ni Mmarekani wa zaidi ya miaka mia na sabini iliyopita, akiwafundisha wenzake kupiga dagerotaipu, zile picha za kwanza kabisa, kabla ya filamu na karatasi, zilizopigwa juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha na kutunzwa ndani ya visanduku kama kile. Nilimsomea jinsi ya kulisugua bamba kwa ngozi ya paa mpaka ling'ae kama kioo. Nikamfasiria kwa Kichina changu cha sokoni. Alisikiliza amefumba macho.

"Kumbe," akasema. "Nimekuwa nikilisugua kuelekea upande usio wake."

Tulirudi mjini basi moja. Anaitwa Guan. Alifanya kazi kiwanda cha filamu za kamera mpaka filamu zilipokosa wanunuzi. Mkewe amefariki. Aliposhuka akasema, "Jumapili uje. Mimi nitapika supu, wewe utasoma."

Jumapili, 16 Machi

Nimekwenda. Namwita Guan Shifu, kama wanavyowaita mafundi wa heshima. Anakaa Haizhu, ghorofa ya juu kabisa, ngazi zinakata pumzi. Chumba cha picha kilikuwa cha mkewe cha kushonea. Ametoboa paa akaweka kioo kikubwa, kwa sababu wapiga picha wa Marekani wa zama zile walikuwa wakipanga vyumba vya juu kabisa ili wapate mwanga wa jua. Taa za umeme hazikuwepo. Madirisha ameyaziba yote kwa plastiki na gundi ili unyevu usiingie. Unyevu ukigusa bamba linaota madoa.

Alinionyesha kazi tangu mwanzo. Bamba husuguliwa. Kisha hulazwa juu ya sanduku la iodini mpaka fedha igeuke rangi ya dhahabu. Huwekwa ndani ya kamera, hupigwa mwanga, na likitoka halina kitu, ni kioo kitupu. Ndipo hupelekwa kwenye sanduku la chuma pembeni, lenye zebaki chini yake na taa ya spiriti. Zebaki ikipata moto, mvuke wake hupanda na kushika pale tu palipopigwa mwanga.

"Tazama," akaniambia, akinisogeza kwenye kitundu cha kioo cha njano.

Tawi la mti wa dirishani lilikuwa linatoka polepole, jani moja moja, kama mtu anayekumbuka kitu. Sikujua kama nimeacha kupumua.

Supu ilikuwa ya mifupa na karoti. Nilikula mabakuli mawili.

Jumapili, 23 Machi

Leo tumesoma habari za wapiga picha wa barabarani. Wengi walikuwa mafundi saa, wengine wang'oa meno, walijifunza kazi kwa siku chache wakanunua gari la farasi, wakawa wanazunguka miji midogo ya Marekani. Mtu anaingia mji ambao hakuna anayemjua, anapanga chumba, anatangaza. Watu wanakuja wamevaa nguo za kanisani. Wiki mbili baadaye anahama. Na kwa kuwa kila bamba ni moja tu, halina nakala, kila aliyepigwa picha anaondoka na picha yake. Mpiga picha anatoka mjini bila hata sura moja.

Nilisita pale. Guan Shifu akafumbua macho. "Mbona umenyamaza?"

"Hapana kitu, Shifu. Neno gumu."

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Mwanahija kanipigia simu ya video. Nyumba nzima imejaa watu, watoto wanapita mbele ya simu, siwezi hata kumsikia. "Unakula vizuri, bibi wee?" Nikamwambia nakula supu ya mzee mmoja. Akacheka sana. Kisha mtandao ukakatika.

Jumapili, 6 Aprili

Amenipiga picha. Alinikalisha chini ya kioo cha paa, nyuma ya shingo akaniegemeza kwenye kishikizo cha chuma, kama walivyofanya Wamarekani, ili kichwa kisitikisike. "Usicheke. Usifikirie kitu cha kuchekesha. Pumua kidogo." Nilikaa nikitazama doa ukutani. Sikumbuki mara ya mwisho mtu kunitazama muda mrefu hivyo.

Mara ya kwanza nilitoka kiza kitupu. Bamba halioni vizuri rangi za joto, akasema, na blauzi yangu ya njano imetoka nyeusi kama mkaa. Akaongeza muda. Mara ya tatu nikatoka. Ukiishika vibaya unajiona kama kwenye kioo. Ukiinamisha kidogo, yule mwingine anatokea, mkubwa kuliko mimi, ametulia.

"Mwanangu hataki kukaa hapo," akasema akiosha sahani. Ana binti mmoja, Huiling, anakaa Panyu, huja mara chache. "Anasema chumba kinanuka. Anasema chumba ni cha mama yake." Alisema kwa hasira, akaigonga sahani kwenye sinki ikapasuka. Alipotaka kuokota vipande nikamwambia aache, nitaokota mimi.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua. Kichwa kinauma.

Jumatano, 16 Aprili

Maonyesho ya biashara yamefunguliwa Pazhou. Robert amefika, mteja wangu wa Geita, anayenunua redio na taa za sola. Tulizunguka kumbi mpaka miguu ikawaka. Raha ya kusikia Kiswahili siku nzima! Mpaka matusi yake kwa walinzi niliyafurahia. Nikamsifia picha za Guan Shifu. Akasema lazima apigwe.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Nilimpeleka Robert. Guan Shifu alimfunga kwenye kishikizo, lakini Robert hawezi kutulia, simu ililia akageuka. Akatoka na vichwa viwili. Tulicheka mpaka machozi, Guan Shifu peke yake hakucheka. Alimfokea kwa Kikantoni, akatupa kitambaa chini. Kisha akaliwasha sanduku la zebaki kujaribu bamba lingine, madirisha yamezibwa na zile plastiki, na mvua inapiga kioo cha paa.

Robert akatoka nje ngazini. Nilimfuata nikidhani amekasirika.

"Dada Kissa, ile ni zebaki?"

"Ndiyo. Ndiyo inayotoa picha."

"Mle ndani? Bila dirisha?" Akanishika kiwiko. "Kwetu machimboni wanachomea dhahabu kwa zebaki. Kaka yangu mkubwa alikuwa anachoma jikoni kwake, kwenye kikaango. Leo hawezi kushika kikombe. Anamgombeza kila mtu, halali, fizi zinatoa damu. Huyu mzee hujaona mikono yake?"

"Ni uzee, Robert."

"Dada. Hujaiona?"

Nilikuwa nimeiona. Tangu Machi nimeiona. Supu inamwagika akiipakua. Anapoandika tarehe nyuma ya bamba, namba zinapanda na kushuka kama ngazi. Nilijiambia ni uzee kwa sababu nikisema neno lingine, Jumapili zangu zitakuwa hazina pa kwenda.

Tulirudi ndani, tukaaga, tukateremka ngazi.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Nilisikiliza ibada ya Moravian ya Tukuyu kwa simu, kwaya inakatikakatika. Sikwenda Haizhu. Nilituma ujumbe kwamba ninaumwa. Haikuwa uongo sana.

Jumapili, 27 Aprili

Nimemwambia.

Nilingoja amalize kula. Nikasema, "Shifu, zebaki inakudhuru. Mikono yako inatetemeka. Tufungue madirisha, au tuache kwa muda, ukapime."

"Wamarekani wako walifungua madirisha?"

"Baadhi yao waliugua."

"Baadhi yao walitengeneza picha ambazo leo watu wanazipangia foleni makumbusho." Aliinuka, akashika ukingo wa meza. "Nina miaka sabini na nne. Kiwanda kilifungwa, mke amekufa, mtoto haji. Asubuhi nikiamka kuna kitu kimoja nakitaka. Unajua maana yake?"

Nikasema ninajua. Kweli ninajua.

"Basi soma."

Nikasoma. Mungu anisamehe, nilisoma kurasa nyingine tatu huku taa ya spiriti inawaka.

Jumanne, 29 Aprili

Mvua siku tatu mfululizo. Mdomoni nina ladha ya sarafu. Chakula chochote nikikila kina ladha hiyo.

Jumapili, 4 Mei

Nilimkuta amekaa sakafuni kando ya sanduku, amelowa jasho. Hakuanguka, akasema, alikuwa anapumzika. Nilipotaka kumwinua akanisukuma, kisha akaanza kulia, bila sauti, kama vile machozi si yake. Nikazima taa. Nikachana plastiki dirisha moja, kwa kucha. Upepo ukaingia na mvua na harufu ya barabarani, na bamba lililokuwa mezani likapata matone.

"Toka," akaniambia.

Nilitoka. Nikakaa ngazini chini ya mlango wake. Namba ya Huiling ninayo. Mwezi uliopita mzee alinipa nimpigie amletee dawa ya presha, maana hakutaka kumwomba mwenyewe, kisha akaghairi kabla sijapiga. Nilishika simu muda mrefu. Nilikuwa nahesabu kichwani nitakachopoteza: supu, kiti kile, mtu anayesema njoo Jumapili. Nilijionea aibu kwamba nahesabu.

Nikapiga.

"Wewe ni nani?" akauliza Huiling.

"Mimi ni Kissa. Namsomea baba yako."

"Kumbe wewe ndiye," akasema. "Anakutaja wewe kuliko anavyonitaja mimi."

Nikamweleza yote, zebaki, madirisha, mikono, sakafuni. Hakunikatiza. Alipofika, amevaa nguo za kazini, alipita mbele yangu pale ngazini akaweka mkono begani kwangu kwa nukta moja tu, akaingia. Nilisikia sauti zao kupitia mlangoni. Ya baba ilikuwa juu, ya binti chini. Halafu zikageuka.

Jumatano, 7 Mei

Hospitali imempata na zebaki nyingi mwilini. Atalazwa, atapigwa sindano za kuitoa. Huiling alinilazimisha nami nipime. Yangu imepanda kidogo. Daktari anasema itashuka yenyewe nikikaa mbali.

Alhamisi, 8 Mei

Nilipeleka matunda hospitali. Huiling alitoka koridoni. "Hataki kukuona." Akaufunga mlango nyuma yake. "Amesema alikufungulia mlango, wewe ukamfungulia mwingine." Nikampa matunda nikaondoka. Ndani ya metro nilisimama ingawa viti vilikuwepo.

Jumamosi, 10 Mei

Watu wenye barakoa wameondoa zebaki na masanduku. Huiling alinitumia picha: chumba kitupu, kioo cha paa, mwanga unaanguka sakafuni pasipo na kiti.

Jumapili, 11 Mei

Nimefua. Hazijakauka.

Jumapili, 18 Mei

Mvua.

Jumapili, 25 Mei

Mvua. Nilipanda metro mpaka kituo cha mwisho nikarudi.

Jumamosi, 31 Mei

Sikukuu ya mashua za joka. Ngoma zinasikika kutoka mferejini, watu wanashangilia. Nilisimama darajani nimezungukwa na familia. Mama mmoja aliniomba niwapige picha kwa simu yake, yeye, mume na watoto. Nikawapiga. Akaitazama, akafurahi, wakaenda. Nikamkumbuka yule wa gari la farasi. Nilikuwa nikimwonea huruma, leo nilimkasirikia. Angeweza kubaki mji mmoja. Angeweza kugonga mlango, hata kama angefunguliwa na mtu aliyenuna.

Jumanne, 3 Juni

Nimempigia Huiling mimi mwenyewe, sikungoja anipigie. Anasema baba yuko kwake Panyu, ametoka hospitali, lakini haongei, hali vizuri, anatazama ukuta. "Mimi najua kumpa dawa," akasema. "Sijui kukaa naye. Tangu mama afe hatujui tukae vipi." Nikamuuliza nije? "Njoo. Lakini siwezi kukuahidi kitu."

Jumapili, 8 Juni

Panyu ni mbali. Nyumba safi, ghorofa ya tatu, kibaraza kina mimea. Guan Shifu amepungua. Aliponiona akageuza kiti kikatazama nje. Nilikaa nyuma yake nikafungua kitabu, nikasoma kurasa mbili kuhusu mwanamke mmoja wa Marekani aliyekuwa na chumba chake cha picha, akisifiwa kwa kuwatuliza watoto wachanga. Hakugeuka. Huiling alisimama mlangoni na taulo mkononi, akasikiliza mpaka mwisho.

Aliponisindikiza kwenye lifti akaniuliza, "Wote walitumia zebaki?"

"Nimesoma kuna njia nyingine. Bamba linafunikwa kioo chekundu, linawekwa juani. Jua lenyewe linatoa picha, polepole. Baba yako anasema hiyo si halisi."

"Hapo kibarazani jua lipo," akasema Huiling.

Jumatano, 11 Juni

Ladha ya sarafu imekwisha. Nimekula embe, nikahisi embe.

Jumapili, 15 Juni

Nimerudi tena. Huiling amenunua kioo chekundu, amekiacha juu ya meza bila kusema neno. Mzee hakukigusa. Lakini niliposoma vibaya jina la dawa moja, alinisahihisha, kwa sauti kavu, bado akitazama nje.

"Asante, Shifu," nikasema.

Nimeendelea kusoma.

Jumapili, 22 Juni

Mvua ilikatika asubuhi. Nilipofika, kioo chekundu hakikuwepo mezani. Kilikuwa kibarazani, kimeegemezwa kwenye chungu, na Guan Shifu amekaa kando yake kwenye kigoda akisugua bamba kwa ngozi ya paa, mkono ukienda kombo, anasimama, anaanza tena. Sikuuliza kitu. Huiling jikoni alinifanyia ishara ya kidole mdomoni, huku anatabasamu na macho yamelowa.

Bamba la leo halikutoa kitu. Ukungu mweupe tu. Aliliangalia kwa muda, akaliweka chini. "Kesho jua litakuwa kali zaidi," akasema, sijui akimwambia nani.

Huiling aliandaa chakula: wali, mboga, samaki mzima wa kupikwa kwa mvuke na tangawizi. Tulikaa watatu kwenye meza ndogo. Vijiti viligonga mabakuli. Kisha Guan Shifu akapeleka vijiti vyake kwenye kichwa cha samaki, akachomoa ile nyama laini ya shavuni, kipande ambacho mwenye nyumba humpa mgeni wake. Mkono ukatetemeka, kipande kikaanguka juu ya meza. Huiling akanyoosha vijiti vyake kumsaidia.

"Mwache," nikasema.

Akamwacha. Mzee akaokota. Kikaanguka tena, karibu na bakuli langu safari hii. Alipumua kwa pua, kama anayejiandaa kupiga picha. Mara ya tatu kikafika juu ya wali wangu.

"Kula," akasema, akinitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu Mei. "Bado kina moto."

Nikala.